Mwanamke Aliyezama Jikoni Kwake

Niliiona nchi ya Kadirani mwaka ule ule niliomaliza masomo ya jioni ya unahodha, nikiwa na miaka hamsini na minane na vyeti viwili: kimoja cha upishi wa shule, na hiki. Jinsi nilivyofika hakuna faida kueleza. Mwenyezi Mungu alitaka nifike, nikafika, na mashua yangu nikaifunga gatini salama. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na yale niliyoambiwa tu nitasema nimeambiwa.

Gatini alinipokea karani mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya upole na wino vidoleni. Aliitwa Mcha.

"Karibu, Bi Mkubwa. Hatua ngapi?"

"Hatua zipi, mwanangu?"

"Tangu ulipoanza kutembea utotoni mpaka hapo uliposimama."

Nikamwambia sijui, na kwamba sidhani kama yuko mtu anayejua. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa.

"Sasa hapa uko wapi?"

"Niko gatini. Mbele yako."

"Huko ni kutazama," akasema taratibu. "Kutazama hakukubaliki."

Akachukua daftari jipya, akaandika ukurasa wa kwanza: *Hajulikani alipo.* Akalitia uzi, akanivisha shingoni, akasema, "Karibu sana Kadirani. Usipotee."

Sheria ya kwanza ya nchi ile imeandikwa juu ya kila mlango wa ofisi: USITAZAME, HESABU. Mcha alinieleza asili yake tulipokuwa tukienda mjini, kwa vipande vipande, maana tukitembea alinyamaza akihesabu, na alizungumza tu tuliposimama. Wazee wao walikuja na chombo kimoja katika ukungu wa siku arubaini. Hawakuona jua wala nyota. Nahodha wao, ambaye wanamwita Mwasisi, aliandika kasi ya chombo, uelekeo wa dira na saa zilizopita, akazidisha, akajumlisha, akawafikisha nchi kavu bila kugusa mwamba. Hiyo ni kazi ya kustaajabisha. Mimi niliyewahi kuifanya kwa penseli tu, juu ya meza, nikamwombea Mwasisi rehema kwa moyo wote.

"Na ukungu uliondoka lini?" nikauliza.

Mcha akasimama ili anijibu. "Kesho yake asubuhi."

"Ikawaje?"

"Ikawaje nini, Bi Mkubwa? Hesabu ilikuwa imekwisha kuanza."

Basi kila raia wa Kadirani ana daftari shingoni na dira ndogo mfukoni. Huandika hatua alizopiga na upande alioelekea, na jioni karani wa mtaa humjumlishia. Pale daftari linaposema upo, ndipo ulipo. Kipimo cha hatua ni kile cha Mwasisi. Nyayo zake mbili za shaba zimegongomewa ukutani mwa baraza la hukumu, na hatua elfu mbili na mia tano hufanya maili moja ya bahari.

Nilikaa siku tisa, nikaona mengi. Kumsalimu mtu anayetembea ni kosa, kwa sababu unampotezea hesabu. Watu husalimiana wamesimama, tena kwa haraka. Ngoma za harusi huchezwa watu wamekaa, tangu bwana harusi mmoja alipocheza kwa furaha kupita kiasi na daftari likamtia nyumba ya nne, kwa bibi harusi wa watu wengine. Niliambiwa pia habari za fundi seremala aliyepiga chafya njiani akasahau alipofikia. Akatangazwa amepotea. Mtaa mzima ukatoka kumtafuta, na yeye mwenyewe akashika zamu yake, kwa kuwa alikuwa jirani mwema. Siku ya tatu alikata tamaa.

Wakubwa hawapati taabu hizi, kwa sababu hubebwa kwa machela na asiyetembea hana hatua za kukosea. Mkadiriaji Mkuu, Mheshimiwa Shaame, ambaye ndiye hakimu wa mambo yote ya mahali, alikuwa hajakanyaga chini kwa miaka ishirini. Daftari lake linaonyesha kuwa bado yuko mlangoni kwa kinyozi aliponyanyuliwa mara ya kwanza. Hukumu zake zote humalizikia hivi: *Imetolewa mlangoni kwa kinyozi.* Kinyozi amekwisha kufa na mlango umezibwa kwa matofali.

Mcha alinipeleka nikae kwa Mzee Vuai, mshona makubadhi, ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho upande wa kusini, nyuma yake ufuko na bahari. Tulikuta wanaume saba kwenye mkeka barazani, wameinamisha vichwa, wanasema kwa sauti za chini.

"Poleni," nikasema. "Nani amefariki?"

"Mke wangu," akajibu Mzee Vuai, macho mekundu. "Mwanakombo. Bahari imemchukua, maili kumi na tatu kusini." Akageuza shingo. "Mwanakombo! Mgeni huyu hajapata kahawa!"

Akatoka mwanamke mfupi, wa umri wangu, birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili.

"Sijazama bado," akaniambia huku akimimina. "Nazama Alhamisi. Hawa wamewahi tu."

"Mimi Alhamisi nina shughuli," akasema mmoja wa wafiwa. "Lakini ukweli, Mwanakombo, ukishazama kahawa kama hii tutaipata wapi?"

"Mngelifikiri hilo kabla ya kuja kunililia. Shika kikombe, unamwaga."

Jikoni alinieleza mambo yalivyo. Madaftari hukaguliwa kila miaka mitano. Mtu ambaye daftari lake limempeleka zaidi ya maili kumi na mbili baharini huhesabiwa kuwa ametoka katika maji ya nchi na amezama. Daftari lake hufungwa. Hapigwi, hafukuzwi, hata nyumbani kwake huendelea kulala. Ila hakuna anayeruhusiwa kumjibu neno, maana kuzungumza na waliozama ni ushirikina. Ukaguzi wa mwaka ule ulimkuta Bi Mwanakombo maili kumi na tatu na kidogo, na Alhamisi hakimu angetia muhuri.

"Mimi kuzama si kitu," akasema, akifuta mikono kwa kanga. "Lakini binti yangu Kazija anajifungua mwezi huu, uzazi wa kwanza. Nikimwambia sukuma, asinisikie. Mtoto akilia nikambembeleza, iwe amebembelezwa na upepo."

Kazija alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Alisikia, akaondoka.

Baada ya adhana ya alasiri Bi Mwanakombo akanivuta pembeni. "Dada, wewe umesoma. Nikiwa maili kumi na tatu baharini mimi ni msafiri. Je, nipunguze rakaa?"

Aliuliza kwa dhati, na mimi nikafikiri kwa dhati. "Maili kumi na tatu hazifiki safari ya kupunguzia."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa naswali nne nikiogopa nazidisha."

Tukaswali pamoja. Katika sijda nilimwomba Mola anionyeshe kosa liko wapi, kwa kuwa mimi si mwepesi wa hesabu, na niliyojifunza nimejifunza kwa kurudia rudia. Mwalimu wetu wa jioni, Kepteni Shali, alikuwa akituambia kila somo kwamba hesabu ya mwendo ni dhana njema tu. Kila siku lazima uipeleke mbele ya jua, ikasahihishwe. Nikalala na maneno hayo.

Asubuhi nilimsindikiza kisimani. Kisima cha mtaa ule kiko kaskazini, njia imenyooka kama uzi, na Bi Mwanakombo huenda mara moja kwa siku na ndoo moja kubwa ya kichwa. Amefanya hivyo miaka thelathini. Nilitembea nyuma yake bila kusema, yeye akihesabu kwa midomo, mimi kwa vidole. Kwenda, hatua elfu moja mia nne.

Kisimani tuliwakuta wanawake wanane wakicheka hadi wengine wameketi chini. Sikuwa nimesikia mazungumzo marefu kama yale tangu nifike nchini. Mmoja alikuwa akimsema mumewe, mwingine akimuigiza karani anavyotafuna kalamu.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Waliozama," akasema Bi Mwanakombo kwa kunong'ona.

"Njoo, Mwanakombo, njoo!" akaita mmoja wao, mwanamke mrefu mwenye meno machache. "Tumekuwekea nafasi. Huku hakuna wa kukunyamazisha, na hakuna wa kukujibu isipokuwa sisi. Kasoro moja tu: tumekwisha kuzijua hadithi zetu zote."

Wote wanane walikuwa wachotaji wa maji wa upande wa kusini. Niliuliza kama kuna mtu wa ofisi aliyewahi kuzama. Walicheka tena.

Tulirudi, ndoo imejaa kichwani mwake. Nikahesabu. Hatua elfu moja mia nne na tatu.

"Bi Mwanakombo, umepata ngapi kurudi?"

"Elfu moja mia nne na tatu. Kila siku."

"Na kwenda?"

"Elfu moja mia nne. Kila siku."

"Na hukuona ajabu?"

"Niliona! Nikamuuliza karani wa zamani, Mungu amrehemu. Akasema kurudi kuna mbali zaidi kwa sababu mtu amechoka."

Tukaketi kwenye kizingiti. Nikamwonyesha kwa kijiti mchangani. Mwenye mzigo kichwani hufupisha hatua, asimwage. Njia ni ile ile, ila hatua zimezidi tatu, na daftari halijui ndoo. Linajua hatua tu, tena za Mwasisi, ambaye hakuwahi kuchota maji. Kwa hiyo kila siku Bi Mwanakombo amefika nyumbani, kisha kitabuni akapitiliza hatua tatu kusini: siku ya kwanza ukumbini, siku ya pili jikoni, baada ya wiki chache ufukoni, baadaye kina kirefu. Hatua tatu kwa miaka thelathini ni hatua thelathini na mbili elfu, mia nane na hamsini.

Alikichukua kile kijiti mkononi mwangu.

"Yaani nimezama kwa kuwaletea maji."

Jumatano, kabla ya adhuhuri, tulikwenda ufukoni na sekstanti yangu, chombo chenye vioo kinachopima jua liko juu kiasi gani kutoka upeo wa bahari. Ule muda mfupi jua likiwa juu kabisa, ambao sisi hatuswali bali tunangoja lipinduke, ndio muda ambao nahodha hupima. Nimekuwa nikifikiri kuwa si bure. Nilimpa yeye ashike.

"Literemshe kiooni mpaka liguse maji. Taratibu. Sasa litataka kupanda tena, lifuate."

"Linapanda," akasema. "Bado linapanda. Kaidi hili. Linapanda... limesita, dada! Limesimama!"

Tukasoma nyuzi na dakika, nikafungua majedwali, nikapiga hesabu mara mbili na yeye akiangalia. Daftari lilimweka dakika kumi na tatu, yaani maili kumi na tatu, kusini mwa nyumba yake. Jua lilimweka nyumbani kwake, kwa tofauti ya dakika moja, na hiyo ni kwa sababu alikuwa hajakizoea chombo. Alikaa chini akaishika ile sekstanti mapajani kama mtu aliyeletewa barua.

Alhamisi saa tatu baraza la hukumu lilijaa. Mheshimiwa Shaame aliletwa kwa machela na wabebaji wanne, nao wakabaki wamembeba muda wote wa mashauri, kwa kuwa angewekwa chini angekuwa amefika mahali. Ni mtu mpole, ndevu zimechanwa vizuri, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nalisema hili kwa haki yake.

"Shahidi wako ni nani, Bi Mgeni?"

"Jua, Mheshimiwa."

Watu wakaguna.

"Lina daftari?"

"Halina."

"Tangu asubuhi limepiga hatua ngapi?"

"Halina miguu, Mheshimiwa."

"Hilo si jibu, hiyo ni kasoro. Karani, tuna habari gani za huyu shahidi?"

Mcha akapekua. "Jana, saa kumi na mbili na robo jioni, jua lilizama baharini upande wa magharibi mbele ya mashahidi wengi."

"Maili kumi na mbili zilizidi?"

"Zilizidi, Mheshimiwa."

"Basi limezama. Aliyezama hajibiwi, wala hatoi ushahidi."

"Lakini leo limechomoza!" nikasema, na nakiri nilipandisha sauti. "Litazameni!"

Mama mmoja alimziba mwanawe masikio.

"Bi Mgeni," akasema Mheshimiwa kwa upole, "hata Bi Mwanakombo huchomoza kila asubuhi. Ndiyo kesi yenyewe."

Nikaliacha jua. Nikaeleza habari ya ndoo na hatua fupi. Safari hii akaomba asogezwe karibu na zile nyayo za shaba, akazigusa kwa kidole.

"Unataka niseme kuna hatua ndefu na hatua fupi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nani atazipima? Kesho atakuja mwenye kigugumizi cha goti, keshokutwa mwenye viatu vya kubana. Nchi itakaa wapi? Hapana. Mzigo hauna mguu. Mguu ukinyanyuka na ukatua, hiyo ni hatua, kamili, sawa na ya Mwasisi. Iwe ya mwenye ndoo au asiye na ndoo. Hatua ni hatua. Andika."

Mcha akaandika, akatia muhuri. "Haki sawa kwa wote," akasema Mheshimiwa, na naamini alimaanisha.

Ni desturi yao kumwachia mtu neno la mwisho kabla hajazama. Mzee Vuai alikuwa amejifunika uso. Kazija alimshika mamake kanga, kwa nguvu, kama mtoto sokoni. Bi Mwanakombo akasimama.

"Mcha, mwanangu, nimezidisha hatua ngapi kusini?"

"Thelathini na mbili elfu, mia nane na hamsini."

"Nikizirudisha zote kaskazini, nitakuwa wapi?"

"Mlangoni kwako, Bi Mwanakombo."

"Na hatua ni mguu kunyanyuka ukatua."

"Imeandikwa."

Akatoa dira yake, akageukia kaskazini, akasimama hatua moja tu kutoka ukuta wenye nyayo za Mwasisi. Akanyanyua mguu wa kulia, akautua palepale ulipokuwa. "Moja," akasema. Akanyanyua wa kushoto. "Mbili."

"Anafanya nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Anarudi nyumbani," akasema Mcha. Kalamu yake ilikuwa imekwisha kuanza kwenda.

"Anarudi wapi? Hajasogea! Hata kidogo hajasogea!"

Mcha akainua macho. "Mheshimiwa, tunatazama au tunahesabu?"

Mmoja wa wabebaji alikohoa, machela ikayumba. Mheshimiwa Shaame alitazama juu ya mlango yalipo yale maandishi, akatazama muhuri ambao wino wake haujakauka.

"Hesabu," akasema.

Ilikuwa yapata saa tano. Wale wafiwa walisogea mbele wakaanza kuhesabu pamoja naye, kwanza kwa haya, halafu kwa sauti ya ukumbi mzima. Zilipofika elfu mbili mia nane na hamsini Mcha aligonga meza.

"Bi Mwanakombo, umeingia ndani ya maili kumi na mbili. Umeokoka. Unaweza kupumzika."

"Hapo nilipo nina nyumba?" akauliza bila kugeuka. "Nina jiko?"

"Hapo ni baharini tu."

"Basi endelea kuhesabu."

Aliendelea. Tulisimama kwa adhuhuri na tukasimama kwa alasiri, na Mcha akatoa hukumu ndogo, ya busara, kwamba kurukuu na kusujudu si kutembea. Kazija alimshikia mgongo. Miguu ilivimba; Mzee Vuai alikimbia nyumbani, kwa kweli alikimbia, na hesabu yake aliiacha njiani, akaleta makubadhi laini aliyoyashona kwa ajili ya mtu mwingine. Vijana walichukua ramani wakawa wanatangaza: "Sasa yuko nje ya miamba! Sasa ameipita miamba! Maji ya kiunoni!" Zilipobaki hatua mia moja mtu akasema yuko ufukoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Vuai akaenda kusimama mbele yake, kati yake na ukuta, kwa kuwa ndipo ulipokuwa mlango wao.

"...mia nane arubaini na tisa. Mia nane na hamsini."

Akatua mguu. Akayumba. Kazija akamkumbatia kwa nyuma.

"Mama."

"Labeka, mwanangu."

Mzee Vuai alikuwa analia waziwazi. "Umekawia," akasema.

"Kulikuwa na mbali," akajibu mkewe. "Na wale watu wako, nimeona hawakuosha vikombe."

Jua lilikuwa linazama wakati huo, mbele ya mashahidi wengi, na hakuna aliyeliandika.

Wakati watu wanatoka, yule mbebaji aliyekohoa alimwinamia Mcha. "Na sisi, tuliobeba machela miaka ishirini, vitabu vyetu vinasema tuko wapi?" Mcha akafungua, akafunga haraka. "Afadhali msijue." Wale wanne wakatazamana. Wakaiteremsha machela sakafuni, polepole, kwa heshima zote, wakatoa dira zao. Mheshimiwa Shaame alikaa kidogo, akaona hakuna wa kumnyanyua, akashusha mguu. Mcha, ambaye ni karani mwaminifu, aliandika: *Hatua moja kutoka mlangoni kwa kinyozi.*

Wale wanane wa kisimani waliletwa Jumamosi. Palikuwa na ubishi kama daftari lililofungwa linaweza kufunguliwa, na nani awahesabie watu ambao haijuzu kuwajibu. "Kuhesabu si kujibu," akasema Bi Mwanakombo, akavuta kigoda, akaketi mbele yao. Siku ninaondoka yule mrefu mwenye meno machache alikuwa amefika maji ya magotini, na alikuwa na hadithi mpya.

Kazija alijifungua mtoto wa kike usiku wa kuamkia safari yangu. Nyumba nzima ilisikia mama yake akimwambia sukuma, na ilisikia pia Kazija alivyomjibu, maneno ambayo sitayaandika. Asubuhi Bi Mwanakombo alikwenda kisimani kama kawaida, maana maji ya mzazi ni mengi. Aliporudi hakuingia. Alisimama kizingitini, ndoo kichwani, akageukia kisimani, akanyanyua na kutua mguu mara tatu, ndipo akaingia. Nilitazama mtaani. Kila mlango ulikuwa na mwanamke mwenye ndoo, na kila mmoja alikuwa akipiga hatua zake tatu. Nadhani miaka hamsini ijayo mgeni atawauliza kwa nini, nao watasema ni heshima ya Mwasisi.

Nami nisijione mwerevu. Siku ya pili baharini nilipima jua la adhuhuri, na likaniweka maili tatu nyuma ya pale hesabu yangu ya mwendo iliponiweka. Nilifuta vioo vya sekstanti. Nilikagua majedwali, kisha saa. Niliutazama hata upeo wa bahari, kana kwamba ungeweza kuwa umekaa vibaya. Nilipoishiwa na vitu vya kulaumu ndipo nilipofungua daftari langu mwenyewe, nikaona palepale kwamba mkondo wa maji ulikuwa ukinirudisha tangu jana na mimi sikuuandika.

Nikafuta alama yangu kwenye ramani, nikairudisha maili tatu nyuma. Jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Nikatandika mkeka, nikaswali nikiwa pale nilipokuwa.